Robo Saa ya Nyanya

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa mzima, na ninatumaini wewe, shemeji na wanangu wawili mnaamka salama. Ulisema yule mkubwa ameng'oka meno ya mbele. Mwambie mama yake mdogo anaomba picha akiwa anacheka, asifunge mdomo. Kile kifua kilichokuwa kikinisumbua kimepona. Chumba cha mama nimekipaka rangi. Fundi cherehani wa chini anakusalimu, na anauliza ile sketi uliyomwachia siku za msiba, aibane kiuno kama mlivyokubaliana au umeshanenepa tena. Anasema hawezi kutia mkasi kwenye kiuno cha mtu aliye mbali.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara tatu, ya nne nikaishia katikati. Unataka nikuandikie jinsi ya kutengeneza ile sandwichi ya nyanya, jibini na mrehani, hatua kwa hatua, kwa sababu Jumapili ya mwisho wa mwezi umewaalika wenzako wa kazini na unataka kuwalisha chakula cha mwisho alichokula mama. Umesema kila ukikumbuka kwamba aliimaliza yote, na kwamba alikubariki, unapata usingizi. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya hilo neno, usingizi.

Nianze na ulichoniomba, maana hicho ni rahisi.

Usinunue mkate uliokatwa dukani. Tafuta wenye ganda gumu, uukate mwenyewe kwa kisu chenye meno, vipande vya unene wa kidole. Nyanya ziwe mbivu, lakini ukizibonyeza zisibonyee moja kwa moja. Jibini ni ile nyeupe laini, mozarela, inayouzwa ikielea ndani ya maji yake. Itoe, ikaushe kwa kitambaa safi, uikate kwa mkono mwepesi, kwa sababu ukiikandamiza inatoa maziwa yote. Majani ya mrehani usiyakate kwa kisu, yatageuka meusi. Yachane kwa vidole dakika ile ile unayoyaweka. Mafuta ya zeituni kidogo kwenye mkate, pilipili manga, basi.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye nyanya. Zikate, zipange kwenye sahani, zinyunyizie chumvi, uziache robo saa zitoe maji. Kisha yamwage maji hayo na uzifute moja moja. Mama alikuwa akisema nyanya ni kama mgeni aliyekuja na kilio: mwache alie kwanza mlangoni, ndipo umkaribishe ndani. Ukiiruka hatua hiyo mkate unalowa, na watu wako watakula uji. Robo saa, dada. Dakika kumi mama hakuzikubali.

Haya aliyajua kutoka kwenye ule mkahawa wa ghorofa ya tatu, katika jengo la ofisi za bima, alikofanya kazi miaka kumi na tisa. Ulikuwa umeshaondoka nyumbani alipoanza, kwa hiyo hukumwona akirudi jioni na lile kopo lake la plastiki. Ndani yake mlikuwa na ncha za nyanya, zile za upande wa kikonyo, na ncha za mikate. Ndizo tulizokuwa tukila mimi na yeye. Alitengeneza sandwichi hizo mpaka arobaini kwa siku, lakini jibini wapishi hawakuruhusiwa kuonja. Nilipomuuliza zina ladha gani, alisema lazima ni tamu, kwa sababu wale wa ofisini ni waongeaji sana ila wakizila hanyamazishwi mtu, wananyamaza wenyewe.

Miezi ile ya mwisho alipoanza kushindwa kula, nilimpikia kila kitu laini nilichokijua, na kila kitu alikirudisha. Siku moja akaniambia anataka sandwichi yake. Nilidhani ananitania. Akasema maisha yake yote amekula ncha, sasa anataka ya katikati. Fundi cherehani alikuwa amekuja kumtazama, akasema mgonjwa anayeagiza jibini huyo hajaamua kufa, huyo ameamua kutusumbua tu. Mama alicheka mpaka nikamshikia kikombe cha maji. Sikumsikia akicheka tena baada ya siku ile, ndiyo maana nakuandikia, ili na wewe uwe nacho kicheko hicho.

Jibini hiyo huku kwetu haipatikani tena tangu ule mkahawa ulipofungwa, ndipo nikakupigia. Ulifurahi sana. Ulisema nisimtafute mtu wa kumtuma, utaileta mwenyewe, Jumamosi kabla ya saa sita mchana utakuwa umeshafika. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika, mama alikusikia kwa masikio yake. Hiyo ilikuwa ahadi yako ya nne tangu alipolala kitandani. Ya kwanza ulikuwa na mkutano, ya pili mtoto aliumwa, ya tatu hukueleza na mimi sikuuliza. Kila mara mama alikutetea. Alisema mtu akishaajiriwa, hata miguu si yake. Mimi niliyekuwa nikimgeuza kitandani na kufua mashuka kila asubuhi sikumsikia akinitetea kwa mtu. Nadhani aliyepo hahitaji kutetewa.

Jumamosi aliniamsha mapema. Nikamwogesha, nikamchana nywele, akaomba lile gauni la buluu ulilomtumia. Lilimpwaya mabegani, lakini alilitaka. Akaegemea mito mitatu, uso umeelekea mlangoni. Saa nne akauliza ni saa ngapi. Baada ya nusu saa akauliza tena, kisha akasema barabara siku hizi zina foleni. Saa tano na robo mlango ukagongwa, na nikauona uso wake ukiamka, dada, kama uso wa mtoto aliyeitwa jina lake shuleni.

Alikuwa dereva wa vifurushi. Alinipa boksi lenye barafu, akataka sahihi, akaniambia niliingize ndani haraka lisiharibike. Juu yake ulikuwa umeandika kwa kalamu nyekundu: Kwa mama, ale ashibe.

Hapa nakuomba ukae, kama umesimama. Yale niliyokuambia kwenye simu siku ile hayakuwa hivyo.

Niliporudi chumbani na boksi, mama hakuuliza ni nini. Aliuliza ameleta au ametuma. Nikamwambia ametuma. Akasema basi katengeneze, kitu cha kutumiwa hakiachwi kikaharibika. Akayaondoa macho yake mlangoni akayaweka dirishani. Hakusema lingine juu yako. Hakukulaani, dada, lakini na kubariki hakukubariki.

Niliingia jikoni nikiwa na hasira. Si juu yako peke yako, na yeye alikuwamo. Miezi saba alikuwa akimtazama aliyepo huku akimtafuta asiyekuwepo, na mimi nilikuwa nimechoka kutazamwa hivyo. Nilikata nyanya, nikazipanga, nikatia chumvi, nikatazama saa ya ukutani. Robo saa ikaisha. Nyanya zilikuwa tayari, maji yametulia pembeni ya sahani. Nikajiambia niziongezee dakika tano. Zikaisha, nikaziongezea tano nyingine. Hazikuhitaji. Ni mimi niliyekaa kwenye kigoda kwa sababu sikutaka kurudi kuuona ule uso.

Katika dakika hizo akaita. Unajua alivyokuwa akituita sisi wawili. Hata akinitaka mimi alianzia juu, Kifungua kwanza, kisha akajirekebisha, Kitinda. Siku hiyo aliita Kifungua. Nikasubiri la pili, halikuja. Akaita tena Kifungua, kwa sauti ya chini zaidi. Nikasema moyoni, haya, na aende huyo anayeitwa. Sikuinuka. Kutoka jikoni mpaka kitandani kwake ni hatua tisa, nimekuja kuzihesabu baadaye. Sikuinuka mpaka nilipoona kimya kimezidi.

Sijui kama alikuwa akikuita wewe, au alikuwa akianza kuniita mimi na pumzi ikamwishia njiani. Siku nyingine naamini la kwanza, na hapo nakuchukia. Siku nyingine naamini la pili.

Nilimkuta amelalia upande, shavu juu ya mto. Mikono ilikuwa bado na joto. Nilimlaza vizuri, nikamfumba macho, nikalinyoosha gauni. Nilipaswa kumwita fundi cherehani, kumpigia daktari, kukupigia wewe. Badala yake nilirudi jikoni. Nilizifuta zile nyanya moja moja. Nikaikausha jibini, nikaikata, nikachana mrehani, nikaigawa sandwichi pembe kwa pembe kama walivyokuwa wakiwagawia wale wa ofisini. Nikaipeleka chumbani kwenye sahani, nikakaa kando ya kitanda, nikaila mimi. Yote. Na ilikuwa tamu, dada. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na sijui niombe msamaha wapi kwa utamu ule.

Ulipopiga simu saa saba sahani ilikuwa bado mapajani kwangu. Jambo la kwanza uliuliza kama jibini imefika. Nikasema imefika. Ukauliza kama amekula. Nikaitazama sahani, nikasema imekwisha. Baada ya hapo ndipo nikakuambia kwamba mama ametutoka. Ulilia mpaka nikakuhofia, ukawa unarudia kuuliza alisema nini kuhusu wewe, alisema nini. Nikakuambia alikubariki. Lilinitoka vile mtu anavyompa mtoto anayelia chochote kilichopo mkononi.

Nilikusudia kukuachia. Uongo huo ningeubeba mpaka kaburini na usingenielemea sana, kwa sababu ulikufaa. Lililonishinda ni mstari mmoja wa barua yako. Umenishukuru kwamba siku ile mimi nilikuwa mikono yako, kwamba ulimlisha mama kupitia kwangu. Najua hukukusudia ubaya, umeandika kwa mapenzi. Lakini nilipousoma nilikiweka kikombe cha chai chini nikaiangalia hii mikono. Ndiyo iliyomwosha. Ndiyo iliyokaa magotini, juu ya kigoda, wakati akiita. Kwa mema yake na kwa ubaya wake ni yangu, dada, na siwezi kukugawia.

Kwa hiyo Jumapili tengeneza sandwichi, ni chakula kizuri na wenzako watakupenda. Ila usiwaambie kwamba ndicho alichokula mama. Kitu cha mwisho alichokula ni vijiko viwili vya maji ya sukari, Ijumaa jioni. Na wanangu wakikuuliza bibi alikuachia neno gani, sijui uwajibu nini. Hilo nimelifikiria siku nne na sijapata.

Hasira yangu imebaki, siwezi kukuficha, lakini si kubwa kama ulivyoisoma hapa. Nikiwa nimeketi na watu ni ndogo. Sasa baba hayupo, mama hayupo, na duniani nimebakiwa na mtu mmoja ninayemwita dada. Barua hii inaweza kuniondolea na huyo. Nimeifunga, nikaifungua, nikaifunga tena. Kesho nikienda kazini nitapita posta kabla sijabadili mawazo.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya mgongo aliyonielekeza imenisaidia. Wabusu wanangu wote wawili. Mdogo umshike kwanza, asije akasema anaachwa nyuma. Ukipata nafasi ya kunijibu nijibu, hata kama ni kwa maneno makali. Nitayasoma yote mpaka mwisho.

Ni mimi,
mdogo wako.