Mkono wa Mama Zulfa Ulivyotoka Kwenye Kanga

Bujumbura, Jumamosi, Mei 2005. Mvua zimekwisha. Jua kali, vumbi jeupe la saruji hewani, milima ya Congo haionekani.

Leo mchana Mama Zulfa ameinua mkono wake wa kulia juu ya kichwa. Aliyenithibitishia ni Dezire, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemtibu. Nilikuwepo, nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Bado nilimwuliza, kwa sababu nilitaka kusikia kwa mtu mwingine.

Mama Zulfa ni mshonaji wa Buyenzi. Mwaka juzi kombora lilianguka mtaani kwao na kipande chake kikamwingia begani. Jeraha lilifunga, mfupa ukaunga, mkono haukurudi. Dezire anasema hakuna kilichokatika ndani. Bega limeganda kwa kukaa bila kazi, na limekaa bila kazi kwa sababu mwenyewe anaamini limekufa. Ameufunga mkono kwa kanga, kanga imepita shingoni, na anaubeba kwa uangalifu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Jumatatu wifi yake, Aziza, anakuja kuchukua cherehani. Hakuna ugomvi. Cherehani imekaa bure, Aziza ana mikono miwili na wateja, na Mama Zulfa ndiye aliyesema aichukue. Lakini ikishatoka mlangoni hatakuwa mshonaji tena. Atakuwa mtu aliyewahi kushona. Aliniambia hivyo leo asubuhi, bila machozi, huku akitafuta mahali penye kivuli pa kukaa.

Tulikuwa Zone Industrielle, eneo la viwanda, nyuma ya maghala. Pana shimo kubwa ambalo zamani walichimba udongo wa matofali. Maji yalijaa, mwenye shimo akapanda tilapia, na sasa ni ziwa dogo lenye majani pembeni. Siku za Jumamosi mwenyewe humwachia Dezire awafundishe watu kuvua.

Dezire alikulia ukimbizini Kenya, upande wa milima ya baridi. Huko alifanya kazi kwenye bwawa lililopandwa trauti, samaki wa maji baridi, kwa ajili ya wageni, na huko alijifunza kuvua kwa fimbo na nzi bandia: ndoano ndogo isiyo na chambo, imevishwa manyoya ya jogoo na uzi hadi samaki aione ni mdudu. Trauti haiwezi joto letu. Labda ingeishi kule juu Mugamba, ambako maji ya asubuhi yanauma vidole, lakini barabara ya kwenda huko bado si ya matembezi. Basi hapa wanavua tilapia kwa adabu za trauti.

Amejenga jukwaa la mbao ukingoni ili hata kiti cha magurudumu kifike. Anakaribisha kila mtu: anayejua na asiyejua, anayesimama na asiyesimama. Leo walikuwepo wanaume waliopigana vita hivi vya wenyewe kwa wenyewe. Nani alikuwa upande gani sikujua, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii ya uandishi wa habari sikuuliza.

Nakiri: nilikwenda na habari yangu imeshaandikwa kichwani. Kichekesho kifupi cha mwisho wa wiki, watu wanavua kwa manyoya.

Hata mchekaji alikuwepo. Saidi anavua ndagala, dagaa wa huku, ziwani Tanganyika, ila wiki hii wanajeshi wamezuia mitumbwi upande wao, kwa hiyo alikuja kutazama.

"We Dezire, samaki yako inakula manyoya? Ya kwetu inakula chakula."

"Kamata fimbo, kaka. Jaribu."

Samaki akanasa karibu mara moja. Saidi akafanya kile ambacho kila mtu wa mji huu angefanya: akatupa fimbo chini, akashika kamba, akavuta kwa mikono yote miwili kama anavyovuta ziwani. Uzi wa mwisho, ule mwembamba unaoshika ndoano, ukakatika. Akarudia. Ukakatika tena.

"Hii ni uzi ya kushonea leso!" akasema.

"Ni wewe unavuta," Dezire akamjibu. "Akitaka kwenda, mwache aende. Atachoka."

"Samaki ya kuachia? Mi sijaona hiyo, doktere."

Watu wakacheka. Wengine watatu, wanne wakajaribu baada yake, na wote wakavuta.

Ndipo Dezire akamwita Mama Zulfa.

"Mi niko na mukono moja tu, mwanangu."

"Fimbo inaomba moja, mama."

Alishika kwa kushoto. Mara za kwanza kamba ilimwangukia mabegani na akacheka mwenyewe. Dezire akamwambia asitumie nguvu, apeleke nyuma, angoje, kisha alete mbele. Akangoja. Kamba ya rangi ya limao ikajinyoosha yote nyuma yake, ikasimama hewani mbele ya ukuta wa ghala, kisha ikapita juu ya kichwa chake bila sauti.

Sijui niandikeje hapa. Vitu vingi nimeviona vikipita hewani juu ya mji huu, na vyote vilikuwa vinakwenda kumdhuru mtu. Hiki kilikwenda kutua juu ya maji.

Kikatua. Tilapia mkubwa akakipokea.

Ukingo wote ukalipuka. "Vuta! Vuta, mama! Yoo, vuta!" Saidi alikuwa amesimama juu ya ndoo. Lakini Mama Zulfa hakuwa na mkono wa kuvutia kamba. Mkono mmoja ulikuwa kwenye fimbo na mwingine umefungwa shingoni. Samaki akaondoka na kamba, gurudumu linalokunja kamba kwenye fimbo likalia, na yeye akabaki ameshika tu, amefumba mdomo. Uzi haukukatika. Hapakuwa na mtu wa kuukata.

Samaki alifika katikati ya bwawa, akageuka, akarudi mbio kuelekea kwake. Kamba ikalegea majini. Hata mimi nilielewa kwamba kamba ikilegea, ndoano inatoka.

Mkono wa kulia ulikuwa umetoka kwenye kanga.

Uliishika kamba na kuivuta taratibu, mvuto baada ya mvuto, kama mtu anayevuta kitambaa chini ya sindano. Samaki akakimbia tena; vidole vikaachia. Akarudi, vidole vikakusanya. Halafu akaruka karibu kabisa na jukwaa, na Mama Zulfa akainua fimbo juu kwa mikono yote miwili, viwiko vimepita masikio, kanga imedondoka kwenye mbao.

Nilitazama nyuso. Wanaume waliowahi kubeba bunduki walikuwa wamemkodolea macho yule mama. Mikono iliyoinuliwa namna ile huwa naiona kwa watu wanaojisalimisha au wanaolia. Sikuwa nimewahi kuiona kwa mtu anayeshinda.

Yeye mwenyewe hakujua. Alijua baada ya Dezire kumtoa samaki kwa wavu, alipoinama kumtazama samaki akaiona kanga chini.

"Nani amenifungua kanga?" akauliza, kwa hasira kabisa.

Saidi ndiye aliyeanza kucheka, kisha akageuka upande wa ghala na kujifuta uso kwa shati.

Kanuni ya bwawa ni kwamba samaki anarudishwa majini. Dezire alimkumbusha kwa upole.

"Apana," Mama Zulfa akasema. "Huyu anakuja kwangu Buyenzi. We utakuja kula."

Kanuni ikaishia hapo.

Kwa haki ya kazi yangu niandike na mengine. Dezire anasema hii si kupona. Usiku huu bega litavimba, kesho atalia kwa maumivu, na huenda asiweze kuinua hata kikombe. Vidole viwili vya mwisho bado havikunjiki. Kuna miezi ya mazoezi, na mazoezi hayo ndiyo aliyoyakataa tangu mwaka juzi. Nilimwuliza Dezire kama angeweza kuniambia kwa uhakika kwamba atashona tena. Alisema hapana. Alichoweza kusema ni kwamba tangu leo mama yule hawezi tena kumwambia kuwa mkono umekufa.

Nimekaa na karatasi ya ile habari ya kichekesho tangu jioni, amri ya kutotembea usiku imeshaanza, barabara kimya. Sijaandika hata mstari. Nimezoea kueleza jinsi mwili wa mtu unavyoharibiwa. Maneno hayo ninayo, yanakuja yenyewe. Kwa lile la leo nimelazimika kutafuta, na nimeandika hapa kwa sababu hapa hakuna mhariri wa kuniuliza habari iko wapi.

Tulipomfikisha nyumbani, Mama Zulfa alimtuma jirani kwa Aziza. Miadi ya Jumatatu haikubadilika. Aje asubuhi kama walivyopatana, ila asilete mtu wa kubeba cherehani.