Mbuzi Aliyebadilika Rangi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimekuwa nyota! Khalifa wa duka la simu, Makutano, zamani alikuwa akikodisha video. Wiki iliyopita alitoa kwenye kanda filamu aliyoipiga Baba, akaiweka mtandaoni. Imetazamwa mara elfu tisini! Mimi hapo, miaka tisa, nimevaa gunia, narudisha mbuzi nyumbani. Mbuzi mweupe. Akivuka mto – kahawia! Watu wanacheka hadi machozi.

Yule mweupe alichukuliwa filamu ikiwa katikati, akapelekwa Karurumo, mahari ya mke wa Baba Mdogo Njagi; tukamalizia na wa kahawia. Baba angekataa vipi?

Jumatano, 6 Agosti
Nimemwonyesha Baba. Kosa langu. Ametazama dakika mbili, akarudi kwa ng'ombe wake. Kumbe bado inamuuma siku ile ya 2003, alipoionyesha ukumbi wa kanisa. Mbuzi alipobadilika watu walimcheka Baba sana, naye akazima jenereta, wakaenda zao. Kanda ya pili, yenye mwisho, hakuna aliyewahi kuiona. Hajashika kamera tena. Mama anasema kanda ipo sandukuni, imefungwa kwa leso.

Jumapili, 10 Agosti
Vijana wa Meru mjini wataonyesha filamu yetu ukumbini Jumamosi. Asmaa, kiongozi wao, amekuja mpaka nyumbani kumwalika Baba. Baba akamuuliza kama huko mjini wamekosa mtu wa kumcheka. Asmaa hakukasirika.

"Mzee, mimi nimeiwatch mara kumi na moja. Sasa huyo mbuzi alifika home ama hakufika?"

Baba akamwongezea chai.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika hapa hapa ukumbini! Baba amekuja, koti la kanisani, tukaketi karibu na mlango. Mto ulipotokea watu wote wakasimama. Nikamshika mkono. Mbuzi akaibuka kahawia – makofi! Makofi kweli, si dhihaka. Nimelia kidogo.

Kanda ya kwanza ikaisha, watu wakaguna. Baba akainuka. Nikadhani anaenda nyumbani. Akaenda mbele, akatoa leso mfukoni.

"Mwisho ndio huu," akasema.

Kijana wa mitambo anaigeuzageuza kanda, hajui ichomekwe wapi kwenye laptop. Khalifa ametoka mbio kutafuta deki kuukuu ya kanda dukani kwake. Nusu saa sasa. Watu zaidi ya mia, hakuna aliyeondoka. Asmaa anamsihi Baba amnong'oneze tu, mbuzi alifika ama hakufika. Baba anakataa. Anacheka, na leso iko mapajani.