Kibao cha Baba Mwalimu

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, hali. Sisi huku wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo siku hizi lina maisha yake. Wewe je, kifua kimepona? Baridi ya huko ughaibuni inakuheshimu?

Nimepata kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Nilitaka kulijua neno moja tu, "get", maana wateja hulitaka kwenye mabango na mimi hulichora bila kujua nimechora nini. Nikakuta limekalia kurasa mbili nzima. Ni kupata, ni kuleta, ni kufika, ni kuelewa, hata kuondoka limo. Nimeishi na maneno tangu ujana wangu, sijaona lisilochagua kazi namna hii.

Sasa, kwa kuwa nina mwalimu wa kwangu mwenyewe, niandikie sentensi zenye neno hilo, kama unavyowafundisha wanafunzi wako. Nitazibandika karakanani. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa mtaani anakuulizia pia. Anataka ukija Julai uzungumze na watoto wake. Nimemkubalia. Kibao changu, "Baba Mwalimu, Mchora Mabango", nimekipaka upya.

Baba yako


2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lipe pole yangu. Kifua changu kimepona, nami ni mzima kabisa.

Sentensi hizi hapa, kama zinavyosemwa shuleni kwetu. Get the mop: kalete dekio. Get it dry before the bell: pakauke kabla kengele haijalia. Get under the desks as well: na chini ya madawati upite. Don't get in their way: usiwazibie njia. You'll get used to it: utazoea.

Huku wanafunzi hufundishwa usafi, ndiyo maana ziko hivyo.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Nafurahi kusikia kifua kimetulia. Goti limepokea pole yako ila halijabadili tabia.

Sentensi nimezibandika ukutani. Jirani yangu mshonaji kazisoma zote, akasema, "Baba Mwalimu, watoto wa huko wana adabu. Shule nzima wanadeki wao?" Nikamwambia ndiyo maana wameendelea. Akanitazama na pini zake mdomoni, akarudi kwenye cherehani yake.

Niongezee nyingine, mama. Safari hii ziwe na kitabu ndani yake, au chaki. Hata daftari moja litatosha. Na tarehe ya kuja unitajie, mwalimu mkuu anataka kupanga viti.

Baba yako


21 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Julai sitaweza kuja. Mwambie mwalimu mkuu nina mitihani ya kusahihisha. Sentensi kwa sasa sina.

Mwanao


15 Juni

Binti yangu,

Leo sikuulizi hali, maana utaniambia u mzima.

Nilijua tangu lile dekio. Mwalimu haambiwi "usiwazibie njia". Anayeambiwa hivyo ni mwenye dekio. Ningeweza kunyamaza, au kukuuliza kwa upole. Badala yake nikakuomba chaki. Nilikuchokonoa kwa makusudi, nione utaitoa wapi. Ulipokaa kimya karibu miezi miwili ndipo nikaona nilichokifanya, na nikaona haya kushika kalamu.

Jana nimeitoa barua yako ya kwanza kabisa, ya mwaka juzi. Umeandika, "Baba, nimepata kazi kwenye shule." Basi. Neno mwalimu halimo. Nililiweka mimi, nikalichora kwa rangi nyekundu kabla barua yako ya pili haijafika, na wewe ukakuta baba yako tayari ana kibao. Tangu hapo, kwenye mikutano ya mtaa naachiwa kiti chenye mgongo. Kumbe mgongo wenyewe ulikuwa wako.

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza. Alikuna kidevu, akasema, "Aje hivyohivyo, wangu kudeki hawajui." Sikuelewa kama ni mzaha au ni heshima, nikaaga. Mshonaji yeye kauliza, "Sasa tukuite Baba Dekio?" Nikamwambia niiteni. Akacheka peke yake, kisha akaacha.

Kibao nimekipaka nyeupe mara mbili. Lakini ukisimama pembeni, jua likikipiga, lile neno bado linaonekana kwa chini. Niandikie nichore nini.

Baba yako, aliyekutangulia kudanganya


6 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Hali si nzuri, hiyo ndiyo hali. Mikono imechubuka kwa dawa za sakafu.

Usijitwishe peke yako. Barua yangu ile ya pili niliiandika ikiwa na ukweli wote. Kabla sijaituma ikafika yako yenye picha: umesimama chini ya kibao, umevaa koti ulilofungia ndoa na mama. Nikaichana yangu, nikaandika nyingine. Na nyingine. Kuichana ile ya kweli hakuna aliyenilazimisha.

Jana nilipomaliza kudeki darasa la mwisho, mwalimu mmoja akaniaga mlangoni: Get home safe. Yaani nifike nyumbani salama. Miaka miwili hii, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniambia neno ambalo si la kazi. Nikabaki nimesimama na ndoo yangu kama mjinga. Nilipoiweka chini nilikwenda moja kwa moja kukata tiketi. Nafika tarehe kumi na tisa.

Kibao usichore kitu, na usikipake mara ya tatu. Nitasimama pale pembeni, unapopasema, nilione lile neno kwanza. Halafu brashi niachie mimi. Kazi ya kufuta naijua.

Mwanao, mfanya usafi