Mawe Sita ya Redio ya Mzee Ewoi

Mpendwa mshauri Mama Gatakaa,

Habari ya hapo gazetini. Naomba msaada, lakini usianze kunihurumia, mimi sijashindwa, mimi ndiye niko mbele, ni vile tu kuna jambo moja limebaki. Jina langu usilifiche kama mnavyoficha ya hao wengine wanaoandika mambo ya wapenzi. Andika Ewoi Emanikor wa Chechelesi, na mkono huu ni wangu mwenyewe, nilisoma ngumbaru miezi minne tu, wengine walikaa miaka miwili na bado wanaweka kidole gumba.

Mimi ndiye mtu wa kwanza kusikiliza muziki wa roki hapa Isiolo. Kama kuna mwingine, aje. Mwaka wa tisini na sita nilikuwa mpishi wa kambi kule Kipsing, tulikuwa tunachimba kisima na Mzungu mmoja mrefu, na rafiki yangu Umuro alikuwa askari wa kambi hiyo hiyo, na siku maji yaliruka juu kaseti ya huyo Mzungu ilikuwa inalia, wale vijana wanne wa picha ya kiti chekundu pale kwenye jalada la kaseti, gitaa zinanguruma kama fahali aliyenyimwa maji, na Mzungu akafurahi hata akatuachia redio pamoja na kaseti akaenda kwao. Kiingereza hatukujua, kwa hivyo nyimbo tulizipa majina sisi wenyewe, kuna Ya Mvua, kuna Ya Mtu Amechoka, na ile kubwa ya upande wa pili tunaita Ya Kisima. Hakuna wimbo duniani kama Ya Kisima. Nimesikia nyingi, hakuna.

Sasa hiyo redio inakula mawe sita, haya makubwa ya tochi, nyinyi huko mnaita betri. Tangu siku ya kwanza, matatu yangu, matatu ya Umuro. Tochi yake ya kazi, maana bado ni askari wa usiku, ikianza kufifia anatoa mawe yake matatu, mimi natoa ya tochi yangu, tunayaanika juu ya bati Jumamosi asubuhi, na tukitoka soko la mbuzi yameshapata moto kidogo, tunaweka, tunasikiliza kaseti yote mwanzo hadi mwisho bila mtu kufungua mdomo. Karibu miaka thelathini, Mama. Tumezika watu, tumeoza mabinti, ukame umemaliza mbuzi, Jumamosi iko pale pale.

Umuro ana mjukuu anaitwa Naimo, yuko chuo, na yeye na wenzake wana kikundi cha kurudia albamu za roki za miaka ya tisini, wanakutana ukumbi ule wa nyuma ya soko, wanasikiliza na kubishana. Akasikia ya kwamba sisi wazee wawili ni wa zamani kuliko wote, akaja kwangu Jumamosi moja na simu na spika, Umuro akiwa kwenye kiti chake.

"Babu Ewoi, nimewapata wale wa kiti chekundu. Sikia Ya Kisima vile iko safi!"

Mama, ikaanza kukimbia. Kama mbuzi ameona fisi. Na yule mwimbaji wetu, mtu wa sauti nzito, mtu amezika ng'ombe wake mwenyewe, sasa ni kijana ambaye hata ndevu hazijaota. Nikamwambia Naimo, "Zima. Huyo ni mtoto wake."

"Ni yeye, babu. Ni mawe zenu ndio zilikuwa zimeisha!"

Akacheka. Mtoto kucheka si kitu. Lakini Umuro naye akacheka mpaka kofia ikaanguka, akasema, "Wallahi Ewoi, tumedanganywa na tochi miaka yote hii! Hata kule kambini ilikuwa inaenda hivi, kwa betri ya lori, sasa nakumbuka."

Nikamwambia hakuna kitu anakumbuka, kule kambini mashine ya kuchimba ilikuwa inapiga kelele, nani alisikia mwendo? Akaniambia, "Wewe hata jua likitoka magharibi utasema jua ndio limekosea." Nikamwambia basi aende na simu yake. Akageuza redio yangu, akafungua mgongo, akatoa mawe yake, moja, la pili, la tatu, akatia mfukoni, akaenda.

Hizo ni Jumamosi tano sasa. Na mimi nimeshinda, kwa sababu Chechelesi yote inajua yeye ndiye alitoka, mimi sikutoka. Kiti chake bado kiko pale, sijakitoa kwa sababu ni kizito. Mke wangu Akidor bado anamimina chai vikombe viwili, hiyo ni mazoea yake.

Shida ni hii. Jumamosi inayokuja Naimo ametualika wote wawili tuongee mbele ya kikundi, na mimi nimeshatangaza kwamba nitabeba redio yangu niwasikilizishe wimbo wenyewe, wale watoto wajue roki ni nini. Pesa ya mawe ninayo, hata katoni nzima. Nikanunua sita mapya, nikaweka. Sasa hii nakuambia wewe peke yako na wasomaji. Ikakimbia. Ikakimbia sawasawa na ile ya simu. Nikazima haraka kabla Akidor hajasikia. Nikachanganya mapya na ya zamani, kaseti ikayumba kama mlevi. Mawe yangu matatu peke yake redio haiwaki. Na majirani siku hizi wote wana tochi za sola, hapa mtaani hakuna mtu mwenye mawe ya kufifia vizuri isipokuwa Umuro.

Kwa hivyo nipatie maneno ya kummaliza, maneno mazito ya gazeti, akubali mwendo wangu ndio wa kweli na alete mawe bila mimi kuomba. Mimi siombi.

Ni mimi, Ewoi Emanikor, mpishi mkuu wa zamani, Chechelesi.

MAMA GATAKAA ANAJIBU

Mzee Ewoi, jina lako nimeliandika lote, usije ukalalamika.

Maneno ya kummaliza Umuro sina, na kama ningekuwa nayo ningeyafungia kabatini. Lakini nimekufanyia jambo jingine. Nilimtafuta Naimo, akanitumia Ya Kisima. Niliusikiliza hapa ofisini ulivyo. Ni wimbo mzuri, kichwa kilitingishika. Kisha nikamwomba fundi wetu aupunguze mwendo kwenye kompyuta, kidogo kidogo, mpaka nilipomwambia, "Hapo." Mzee wangu! Muthomi wa ukurasa wa michezo, mtu anayetangaza matokeo ya mpira hata matangani, aliweka andazi chini. Ulipokwisha akasema neno moja tu: "Rudisha." Tuliurudisha mara tatu, na mhariri akaja kuuliza nani amefariki.

Kwa hiyo hukumu yangu ndiyo hii. Naimo amesema kweli kuhusu mwendo, na wewe unajua amesema kweli, ndiyo maana ulizima redio kabla mkeo hajasikia. Aibu! Lakini kuhusu wimbo, wewe ndiye uliye sahihi. Wale vijana wanne walirekodi wimbo mmoja. Huu mwingine, wa mwanamume aliyezika ng'ombe, haukurekodiwa na mtu. Umetengenezwa Chechelesi, juu ya bati, na haupatikani kwenye simu yoyote.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo unapostahili kuchapwa. Nani aliutengeneza? Umejaribu mawe mapya, umekataliwa. Umechanganya, umekataliwa. Umejaribu yako peke yako, redio haikuguna hata kidogo. Hiyo redio ina akili kuliko wewe. Nusu ya sauti hiyo nzito unayojivunia ilitoka kwenye tochi ya mtu aliyekesha akilinda lango huku wewe umelala, na kwa miaka karibu thelathini umesimulia mji mzima kana kwamba ulikuwa peke yako. Amecheka mara moja. Mara moja, kwa miaka yote hiyo! Wewe ukamfukuza.

Na usinidanganye kuhusu kiti. Mtu aliyeinua sufuria za kambi Kipsing leo ameshindwa na kiti? Wala usimsingizie Akidor. Kikombe cha pili humiminwa kwa sababu kuna mtu kila Jumamosi hutazama mlangoni, na mtu huyo si Akidor. Humshindi mtu kwa kukaa bila yeye, mzee wangu. Wiki tano hujasikia wimbo wako. Huo ndio ushindi?

Ijumaa, baada ya swala, Umuro atakuwa nyumbani. Nenda kwa miguu yako mwenyewe, usitume mtoto. Salimia wewe kwanza. Beba redio ikiwa imefunguliwa mgongo, na mawe yako matatu yakiwa yamekwisha kaa mahali pake. Iweke mbele yake, kisha unyamaze. Umesema huombi; vizuri, usiombe. Nafasi tatu tupu zitakuombea. Jumamosi asubuhi anikeni pamoja. Ukumbini acheni vijana wapige wa simu kwanza, nawe uusikilize hadi mwisho bila kukohoa. Halafu pigeni wenu. Watoto wakisimama kupiga makofi, na watasimama, mwite Umuro ainuke kabla hujasema lolote. Baada ya hapo jisifuni mpaka jua lizame. Mmestahili.

Mimi nitakuwa kiti cha mbele, na Muthomi ameshaapa kuja. Na kama kwa wiki tano hizi Umuro ametupa jiwe hata moja kwa hasira, msihangaike. Nami bado natumia tochi ya mawe, na tangu Jumatatu imeanza kufifia vizuri.