Tisa ya Kwenye Mbao

Ifakara, Juni 1994

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Bibi yako ni mzima, kutwa yuko shambani anafukuza ndege kwenye mpunga.

Unasema tisa ya Kirumi uliiandika VIIII, kama ninavyochonga kwenye mbao zangu, na mwalimu akaweka kosa. Mwalimu yuko sawa. Na mimi niko sawa.

Nilipokuwa kijana tulipaua ghala la mpunga kule Mchombe. Mbao tulizikatia chini, tukazipa namba za Kirumi, maana patasi inapenda mistari iliyonyooka. Siku ya kupandisha, fundi mwenzangu Kalisti akasoma XI.

"Huu ni wa kumi na moja," akasema, "lakini ni mrefu mno." Akachukua msumeno aupunguze.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya ubao uleule, na nilikuwa naona IX.

"Kalisti, hebu njoo usimame huku."

Akazunguka, akatazama, akauweka msumeno chini. Tangu hapo tisa yetu ikawa VIIII, ambayo hata ukiigeuza haiwi namba nyingine.

Wewe kwenye mtihani igawe namba kwanza: ishirini ni XX, tisa ni IX, basi ishirini na tisa ni XXIX. Karatasi ina juu na chini yake, na mwalimu anaisoma akiwa upande wako. Ila siku utakapomwandikia mtu aliyesimama ng'ambo, ukumbuke ule msumeno.

Babu yako,
Fundi Lukasi