Vela, neno la Fiacre

Jumatatu, 3 Machi 2025
Asubuhi ku soko, nikipanga vikwembe vyangu, vitambaa vya kuuza – mesaje. Numero ya Angola. Neno moja tu: Vela. Kule hatuna mutu ila kaka yangu Fiacre. Alienda kuchimba almasi, miaka kumi na moja bila habari. Nimepiga mara sita. Simu imefungwa.

Jumanne, 4 Machi
Muzee Baudouin, jirani yetu, aliishi Luanda kule Angola zamani. Nikamupelekea lile neno. Akasema ni Kireno, lakini ni maneno mawili yenye sura moja. La kwanza lilizaliwa na kukesha: ni buji, ule mushumaa unaowaka watu wakikesha. La pili ni kitambaa cha mutumbwi, kile cha kushika upepo. Kila moja na mama yake ku Kilatini.
"Na siye pia," akasema. "Matanga. Hapa ni kilio. Kule pwani ni pia vitambaa vya vyombo vya baharini."
Nikamuuliza: basi kaka iko njiani, ao alikufa?
"Neno haliwezi kujua, mwanangu. Anajua aliyelituma."

Jumatano, 5 Machi
Siku ya Majivu. Tulipotoka misa nikawaeleza wa nyumbani. Baba mudogo Lucien akasema ni kifo, akaenda kutafuta shitingi ya kivuli na viti vya matanga. Mama akakatala. "Mutoto yangu iko mu mutumbwi." Lakini mama, kutoka Angola mutu hapiti ku ziwa letu! Hanisikii.

Alhamisi, 6 Machi
Mama ametoroka na pikipiki mpaka Tchomia, kule ku ziwa. Nimemufuata, nimemukuta amesimama ku ukingo wa ziwa. Mbali, mutumbwi moja wenye tanga. Grâce, mama anayekausha samaki pale, anasema uko vile tangu Jumatatu. Hauendi, haurudi. Wavuvi wanaukwepa.

Ijumaa, 7 Machi
Tumelala huku Tchomia. Baba mudogo amepiga simu. Kwetu Bunia watu wamejaa, wanamulilia Fiacre. Turudi! Mama ameninyang'anya simu, ameizima.
Saa sita mchana. Jua kali, upepo hakuna. Hata kidogo! Lakini tanga limejaa, na mutumbwi unakuja. Mutu moja amesimama ndani. Bega la kushoto limeshuka, kama la kaka. Mama ameita jina. Yule mutu amenyanyua mukono.
Grâce ameniuliza polepole: munaita nani? Ule mutumbwi hauna mutu.
Mama ameingia maji mpaka magoti. Namuita, hageuki. Naweka kijitabu chini niende nimutoe – lakini viatu vyangu viko tayari ku muchanga, kando ya vyake. Sikumbuki kuvivua.