Sesilia wa Brussels

Mdogo wangu Klaudia,

Hujambo? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Mjukuu wetu kanenepa, ananyonya vizuri. Wazazi wake wanataka aitwe Sesilia, jina la bibi yake mzaa baba, nami nilifurahi. Sasa jana tunakula viazi vya kukaanga, mkwe wangu, maana anafundisha Kilatini shuleni, akacheka na kusema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, Sesilia maana yake kipofu." Roho ilinipasuka! Nikamwambia binti yangu, "Neema, jina humfuata mtu, mtafutieni mtoto jingine!" Mkwe akaniuliza, "Mdogo wako anaitwa nani?" Nikamjibu Klaudia. Akasema, "Huyo kiwete." Weee! Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Wewe uliyemkimbiza mwizi wa mbuzi hadi mtoni ukamkamata shati, leo kiwete! Nikawasimulia kisa chote, Neema akacheka hadi machozi. Basi nimekubali, aitwe Sesilia.

Usibebe ndoo nzito za maji nisipokuwepo. Mungu akutunzie hiyo miguu.

Dada yako akupendaye,
Anastazia